Kola ya Kapteni Wessling

Fraji Uzan alikuwa mwoga, na sisi watu wa Hara, mtaa wa Wayahudi mjini Tunis, tunamsema hivyo bila kumvunjia heshima, maana mwenyewe alijitangaza. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa makarani wa serikali, na kuliko vyote alimwogopa mkewe, Kamuna. Ukimuuliza, alikwambia kwamba ukoo wake umedumu Tunis miaka mia nne kwa sababu kila palipozuka ugomvi, wao walikuwa ndani na mlango wameshaufunga. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, wahenga walisema, na kwa Fraji kilio kilikuwa bado hakijapiga hodi.

Wajerumani walipoingia Tunis, Novemba ya mwaka arobaini na mbili, sisi Wayahudi wa Hara tulikaa kitako kujadili namna ya kupambana nao. Kupambana tulipambana, ila kwa mdomo. Kila jioni katika duka la viungo la Bishi tuliwashinda Wajerumani mara mbili, mara moja kabla ya kahawa na mara moja baada yake. Mmoja wetu aliota kwamba wataondoka kabla ya Pasaka. Mwingine alijifunza kusema "habari za asubuhi" kwa Kijerumani, kisha akawa haendi barabarani, akiogopa asije akakutana na mtu wa kumwamkia. Wajerumani wakataka redio, tukatoa. Wakataka magodoro, mablanketi na mashuka, tukatoa, hadi tukawa tunalala juu ya makoti yetu. Mwisho wakataka vijana wa kufanya kazi, na hapo mzaha ukatukauka mdomoni.

Nyumba ya Fraji ilitoa Khailu, mwana wao wa pekee, wa miaka ishirini. Walimpa sepetu, wakampeleka uwanja wa ndege kufukia mashimo. Mashimo yalichimbwa na mabomu, na mabomu yalidondoshwa kila adhuhuri na ndege za Waingereza na Wamarekani, wale wale tuliokuwa tukiwaombea dua. Ndege zikija, Wajerumani waliingia mahandakini, na vijana wetu walibaki nje na masepetu yao kwa sababu mahandaki hayakuwa yao. Wawili walikuwa wamesharudishwa Hara juu ya mkokoteni wa nyumbu, wamefunikwa. Tangu siku hiyo Kamuna hakula tena mchana. Alisimama uani, kichwa juu, akisikiliza, na ndege zikiisha kupita ndipo alipokumbuka kupumua.

Sasa, Jumanne moja ya Januari, mlango wa duka la Fraji la ushonaji ukaingiwa na Kapteni Wessling mwenyewe, yule aliyewasimamia vijana uwanjani, na nyuma yake askari mwenye miwani aliyejua Kifaransa. Kapteni alikuwa ameharisha wiki tatu mfululizo. Maji yetu hayakumpenda, Mungu ayabariki. Koti lake rasmi la sufu nzito lilikuwa linamning'inia kama lipo juu ya msumari. Jumapili jenerali angekuja kukagua, na fundi wao wa kushona alikuwa chini ya bahari pamoja na meli yake.

Kapteni alisema maneno machache, na askari wa miwani akayatafsiri. "Jumapili koti likinikaa vizuri, nitatia saini mwanao arudi hapa awe msaidizi wako. Lisiponikaa, utakwenda wewe kule ukawe msaidizi wake."

Fraji akasema ndiyo bwana, ndiyo bwana, hata wageni walipokwisha kutoka alikuwa bado anasema ndiyo bwana.

Hapa lazima niseme kidogo juu ya mikono ya Fraji. Torati imetukataza kuvaa vazi moja lenye sufu na kitani pamoja. Usiniulize sababu, hata marabi ukiwauliza wanakohoa. Nguo za Ulaya zina ujanja: koti la sufu safi, lakini ndani ya kola wameficha kipande cha kitani ili kola isimame. Basi Hara nzima mtu hakuvaa koti jipya kabla Fraji hajaifungua kola yake, akakitoa kitani, akaweka mahali pake pamba iliyopakwa wanga wa ngano, akafunga. Alifanya hivyo miaka thelathini. Amri hiyo ni yetu sisi tu. Asiye Myahudi na avae sufu, kitani na mkeka juu yake, hana kosa. Fraji alilijua hilo vizuri kama ajuavyo jina lake.

Lakini mazoea yana taabu. Jumatano ile Fraji alipunguza kiuno cha koti, akapunguza mabega, na akili yake muda wote ilikuwa uwanja wa ndege pamoja na Khailu. Mikono ilibaki dukani peke yake. Ikafungua kola, ikachomoa kitani, ikapaka wanga, ikafunga, na ikafunga kwa ustadi ambao hata nzi asingeuona mshono. Ijumaa asubuhi askari wa miwani akaja kulichukua. Saa moja baadaye akarudi kusema kapteni amelijaribu, limemkaa kama ngozi, amefurahi. Fraji akaenda kwa Bishi kifua mbele, akanywa kahawa akiwa amesimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Aliporudi alimkuta Kamuna anafagia kwa ajili ya Sabato. Mkononi alikuwa na vipande viwili vya kijivu.

"Baba Khailu, hiki kitani cha nani?"

Fraji akavitazama. "Cha kapteni."

"Kimefikaje chini ya cherehani?"

"Nimekitoa."

Kamuna akaketi juu ya kigoda, ufagio mapajani. "Umelihalalisha koti la Mjerumani."

"Ni mikono, Kamuna. Mimi sikuwepo."

Hakumpigia kelele, na hilo lilimtisha Fraji kuliko kelele. Alimuuliza tu kinachoishikilia kola sasa ni kitu gani. Wanga, Fraji akasema, na ikiwa kavu itasimama mpaka Masihi aje. Na ikilowa? Fraji akakuna shingo, akasema ikilowa itakuwa uji. Wote wawili wakainua macho dirishani. Tangu sikukuu za vuli mvua ilikuwa haijanyesha hata tone, na mbingu ilikuwa nyeupe kavu. Kamuna akavitupa vile vipande jikoni kwenye makaa, asije mtu akavikuta wakanyongwa kwa ajili ya tambara. Kitani cha Kijerumani kiliwaka vizuri sana.

Alasiri ile Fraji alikwenda sinagogi. Yeye ndiye aliyetuongoza sala, maana sauti ndiyo sehemu pekee ya mwili wake isiyokuwa na woga. Na majira ya baridi katika sala zetu tunaomba mvua, na mwaka ule wa ukame tuliiomba kwa machozi. Fraji akaenda vizuri mpaka pale. Akilini akamwona Khailu na sepetu lake, na kola imelowa. Ulimi ukaruka, ukasema maneno ya kiangazi, yasiyo na mvua ndani yake.

Wazee wetu wale, ambao hawasikii wake zao kutoka hatua mbili, hilo walilisikia wote. Wakagonga mabenchi kwa viganja. Rabi Khlifa akainua kidole: rudia. Fraji akarudia, na alipofika kwenye mvua akainong'ona ndani ya ndevu, akitumaini Mungu naye ni mzee. Mabenchi yakagongwa tena. Rabi akamwambia mbele ya watu kwamba nchi inakufa kiu na yeye anaona haya kuomba, amekula nini leo. Mara ya tatu hakuwa na pa kukimbilia. Akaomba umande na mvua ya baraka juu ya uso wa nchi kwa sauti yake yote, na sisi tukaitikia amina iliyotikisa taa. Mimi nilikuwepo. Sijawahi kuitikia amina ya nguvu kama ile, na mpaka leo nikikumbuka naona aibu kidogo.

Mvua ilianza Jumamosi kabla ya adhuhuri. Haikuwa manyunyu. Watu walitoka barazani wakapeana mikono, na Fraji akapongezwa zaidi ya wote. Alirudi nyumbani akajilaza, uso ukutani. Jumapili asubuhi ilikuwa bado inanyesha, na yeye alikuwa dukani, akiisikiliza juu ya bati, na Kamuna chumba cha nyuma anamenya vitunguu ambavyo hakuna aliyeviomba.

Saa tano mlango ukasukumwa. Kapteni Wessling alikuwa amelowa chapachapa. Kiuno cha koti safi, mabega safi, na kola imelala pande zote mbili kama masikio ya mbuzi, huku uji mweupe unamchuruzika kifuani mpaka kwenye nishani. Askari wa miwani alikuwa ameuma midomo, anatazama dari. Akaeleza kwamba jenerali amecheleweshwa na matope, atafika saa nane. Kapteni hana koti lingine. Kapteni mwenyewe hakueleza kitu. Alitoa bastola, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo, kando ya mkasi.

Fraji akafungua mdomo. Alitaka kusema kila kitu: Torati, sufu, mazoea, miaka thelathini, unisamehe bwana. Kilichotoka ni kwikwi. Akajaribu tena, ikatoka kwikwi ya pili, kubwa kuliko ya kwanza.

Ndipo Kamuna akatoka nyuma, mikono inanuka vitunguu. Yeye Kifaransa hakujua, alijua Kiarabu chetu cha Hara tu, na askari wa miwani Kiarabu hakukijua. Kwa hiyo kila alichotaka kusema kilibidi kipite kinywani mwa Fraji.

"Mwambie mikono yako inatetemeka," akasema.

Fraji akasema kwa Kifaransa kwamba mikono yake inatetemeka. Hilo halikuwa na ubishi.

"Mwambie inatetemeka kwa sababu mwanao yuko chini ya mabomu. Na fundi anayetetemeka hushona kola inayolala."

"Kamuna, atatuua."

"Mwambie."

Akamwambia. Kwikwi ikamsukuma, na maneno yakatoka kwa kishindo kuliko alivyokusudia. Nje, chini ya mvua, majirani walikuwa wamejibanza mlangoni, Bishi mbele yao, na wote wakaisikia ile sauti ya sinagogi inazungumza na Mjerumani.

"Mwambie atie saini sasa, hapa, na askari wake aende akamlete Khailu leo leo. Akisha kusaini, kola itasimama. Akikataa, jenerali atamkuta hivyo alivyo. Na akitupiga risasi, jenerali atamkuta hivyo hivyo alivyo."

Fraji akafumba macho. Akasema yote, neno kwa neno, kwa sababu kati ya kumwogopa kapteni na kumwogopa Kamuna, uzoefu wake ulikuwa kwa Kamuna. Askari wa miwani akatafsiri polepole, na mwishoni akaongeza kitu chake mwenyewe ambacho hatukukijua. Kapteni akaitazama saa yake. Akajitazama katika kioo cha duka. Akaomba kalamu.

Karatasi ilipokwisha kusainiwa na kupigwa muhuri, Fraji akaishika, akaisoma, akaibusu. Kisha akageuka kutafuta kitani. Kitani chenyewe kilikuwa majivu. Mashuka ya Hara nzima yalikuwa kambini kwa Wajerumani. Akamnong'oneza Kamuna kwamba hakuna, hakuna hata uzi, na kwa pamba mvua ile ile itaiangusha kola ile ile kabla hajafika mwisho wa barabara.

Kamuna akapangusa mikono. Akaingia nyuma, na tukasikia kifuniko cha sanduku. Aliporudi alikuwa na sanda yake. Kwetu sanda hushonwa, kanzu na suruali na kitambaa cha kichwa, na mwanamke wa kwetu huiweka tayari tangu ujana, chini kabisa ya sanduku, chini ya nguo za harusi. Ya Kamuna ilifumwa na mama yake, kitani kipya kisichowahi kuguswa na maji, kigumu kama ubao. Alikuwa ameshika suruali yake.

"Hapana," Fraji akasema. "Kata yangu."

"Yako unaifua kila mwaka kwa kuogopa nondo. Imelegea kama wewe. Kata hii."

Fraji akaushika mkasi. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya kitambaa na hakuyaficha. Akaikata suruali ya mkewe magotini, miguu yote miwili, akakunja mara nne, akashona, akapiga pasi ya mkaa. Kwikwi zilikuwa zimekwisha na mikono haikutetemeka. Saa saba na nusu kola ilisimama wima, na kapteni akaigonga kwa ukucha, akaridhika, akatoka chini ya mvua kumpokea jenerali wake. Shingo yake ilikuwa ndani ya sanda ya mwanamke wa Kiyahudi na hakujua.

Lori lilimleta Khailu wakati wa magharibi. Amekonda, viganja vimechubuka, na sikio la kushoto lilikuwa limezibwa na mabomu, halisikii kitu. Kamuna akamshika uso kwa mikono miwili, akalia kwa sauti mpaka majirani wakalia. Halafu akamwekea kuskusi, akakaa mbele yake, akawa anamtazama kila tonge.

Na sisi je? Sisi tulikuwa tumepata shujaa, tena bila gharama. Bishi alisimama katikati ya duka lake akasimulia alivyosikia kwa masikio yake mawili: Fraji Uzan, mbele ya bastola, anamwambia Mjerumani, tia saini sasa, hapa. Sauti ya Fraji, Kifaransa cha Fraji. Nani atabisha? Tulimbeba mabegani. Fraji akamtafuta Kamuna kwa macho, lakini Kamuna alikuwa anamwongezea mwanawe mchuzi, hakugeuka. Fraji akasema, "Mtu ukifikishwa mwisho, ndiyo hivyo." Tukashangilia. Jumatatu katika hadithi alikuwa ameipiga meza ngumi. Jumanne alikuwa amemzaba kapteni kofi, na kuhusu lile kofi Fraji alisema tu kwamba hapendi kulizungumzia. Vijana walikuja kumshika mkono. Mabibi walimpa lozi. Alianza kutembea katikati ya barabara, na mbwa mmoja alimpisha.

Kilichomharibia raha ni Khailu. Jumanne ile usiku haujaingia, kijana alimshika baba yake bega akasema, "Baba, mimi maisha yangu yote nilikuwa nakucheka. Sikujua." Fraji akasema si kitu, si kitu. Neno hilo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki, hata Jumatano hakwenda kwa Bishi.

Alikwenda nyumbani. Akamkuta Kamuna peke yake chumbani, sanduku wazi, amejipima ile suruali ya sanda juu ya gauni. Ilimkomea magotini.

"Siku ya ufufuo watasema huyu bibi alikuwa anavuka mto," Kamuna akasema.

Fraji hakucheka. Akachukua sanda yake mwenyewe, ile iliyofuliwa mpaka ikalainika, na kabla Kamuna hajamzuia akaikata suruali yake magotini, miguu yote miwili. Akaketi sakafuni, akatia uzi kwenye sindano, akaanza kuunganisha vipande vyake na suruali ya mkewe.

Kamuna akaipima kwa macho suruali iliyokatwa. "Basi wewe utatokea magoti wazi, mbele ya Ibrahimu, Isaka na Yakobo."

"Na waniulize. Huko nitawaambia ukweli."

"Kule mbali sana, Baba Khailu. Anza hapa. Mwanao yuko chumba cha pili."

Fraji akaimaliza mishono ya mguu mmoja. Kisha akaiweka sindano chini, akavuka ua, akaingia kwa Khailu. Dirisha lilikuwa wazi, na ng'ambo ya njia, dukani kwake, Bishi alikuwa anasimulia lile kofi kwa watu wa mtaa mwingine. Fraji akaketi kitandani upande wa kushoto wa mwanawe, akainamisha kichwa, akasema alichokuja kusema, polepole, chini chini.

"Sema tena, Baba," Khailu akasema. "Sikio hilo halisikii."

Fraji akatazama dirisha. Angeweza kuhamia upande wa pili. Hakuhama. Akavuta pumzi, akalisema kwa ile sauti yake ya sala, na sote tuliokuwa dukani tukalisikia, kahawa mikononi.

"Aliyekutoa kule ni mama yako. Maneno yalikuwa yake na kitambaa kilikuwa chake. Mimi nilikuwa mkalimani tu, tena nilikuwa nalia."